Mimuna Hualikwi

"Supu yangu umeiweka chini, Bi Berkovits. Chini mlangoni, kama chakula cha paka."

"Sikuiweka chini. Niliiweka juu ya kiti."

"Kiti gani?"

"Kile ninachokalia nikivua viatu."

"Basi afadhali ungempa huyo paka."

"Na nikaifunika, Bi Wizgan. Kwa kitambaa nilichokipiga pasi. Hakuna hata nzi aliyeigusa."

"Kwani mimi nilimpikia nzi?"

Walikuwa wamesimama kwenye ngazi, ghorofa ya pili, katikati ya juma la Pasaka, saa ambayo Beersheba nzima hunuka nyama ya kondoo na vitunguu. Mlango wa Sultana Wizgan upande wa kulia, mlango wa Gizella Berkovits upande wa kushoto, na kati yao nafasi ndogo ambayo mtoto anayejifunza kutembea angeimaliza bila kuanguka. Juu yao, Mesodi wa ghorofa ya tatu alikuwa ametoka kukung'uta zulia. Zulia lenyewe lilikung'utwa jana. Alikuwa amelishikilia tu kwenye reli, halipigi hata kofi, asije akapitwa na neno.

"Nilikusikia unakohoa ukutani," Sultana akaendelea. "Nikasema, mwanamke yuko peke yake, kifua kimembana, nimpelekee kitu cha moto. Kosa langu."

"Nilikushukuru."

"Ulinishukuru umezuia mlango kwa mguu."

"Kwa sababu maharagwe hayaingii kwangu Pasaka. Mchele hauingii, mahindi hayaingii. Unajua. Kila mwaka unajua."

"Maharagwe mabichi, mama. Yametoka kwenye maganda leo asubuhi. Chachu itoke wapi humo? Farao mwenyewe asingeyakataa."

"Mama yangu hakuyaingiza."

"Mama yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuyaonja ya kwangu."

Gizella akamtazama. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa kusimama wima hata akiwa na homa, na sauti yake ilipungua badala ya kupanda. "Mama yangu hakuwahi kuonja vitu vingi," alisema, akaufunga mlango polepole, kwa mkono, mpaka kitasa kikalia.

Mlango ukibamizwa, unajua la kujibu. Ukifungwa vile, ulimi unabaki mkononi. Sultana akauhutubia ubao.

"Sikanyagi humo. Unasikia? Hata nyumba ikiwaka moto nitapitia dirishani."

"Imeshasikika, Sultana," Mesodi akasema kutoka juu. "Mpaka ghorofa ya nne wamekusikia."

Asiyejua hudhani Pasaka ni sikukuu ya kuingiliana majumbani. Usiku wa kwanza, sawa, hata mpita njia huvutwa shati akae mezani asikie habari za Misri. Lakini baada ya hapo kila jiko huwa dola, lina mpaka na lina walinzi. Wazee wetu walitoka Misri mbio, donge mgongoni halijaumuka, na kwa ajili ya mbio zile mpaka leo tunapekua mifuko ya makoti kutafuta makombo ya biskuti. Rabi husema chachu ni kiburi, ndicho kinachofanya donge dogo lijione mlima, na mtu lazima akitoe nyumbani walau mara moja kwa mwaka. Hapo wote tu pamoja. Ugomvi huanzia kwenye yale yasiyo chachu. Watu wa Ulaya hawali mchele wala maharagwe, kwa kuwa mababu zao waliogopa punje ya ngano isije ikajificha humo. Yule Mwiraki wa chini hula mchele, ila mkewe huuchambua punje kwa punje mpaka macho yamtoke. Gizella, aliyezaliwa Hungaria, hathubutu hata kuchovya mkate usiotiwa chachu kwenye supu. Na watu wa Meknes ya Moroko, kina Sultana, wanaowacheka hawa wote, wenyewe hawagusi dengu, na ukiwauliza kwa nini wanakwambia ndivyo ilivyo.

Basi ndugu wa tumbo moja wanaweza kupitisha juma zima wasile nyumbani kwa ndugu yao. Kila mtu hununa kidogo, na kila mtu huficha.

Watu wa Moroko ndio waliolipatia dawa jambo hilo. Siku ya mwisho ya Pasaka, siku bahari ilipopasuka wazee wakavuka, jua likishazama tu milango hufunguliwa. Hiyo ndiyo Mimuna. Unakwenda kwa yule ambaye hukula kwake juma zima, unaketi, unakula, ili ajue kwamba ulilolikimbia lilikuwa jiko, si yeye. Jina lenyewe lina maana gani? Kwenye jengo lile majibu yalikuwa mengi kuliko wapangaji. Wengine walisema ni imani, wengine bahati, wengine jina la rabi wa kale. Makhluf, mume wa Sultana, alikuwa akisema maana yake ni siagi.

Makhluf Wizgan alikuwa dereva wa lori, mtu wa tumbo na sauti, na usiku wa Mimuna alivaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu akasimama mlangoni akiwavuta watu kwa mikono. Aliwahi kumvuta msoma mita za umeme ambaye alikuja kwa jambo jingine kabisa, akaondoka na asali kwenye ndevu. Majira ya baridi yaliyopita moyo wake ulichoka. Hospitali, akiwa na mipira puani, alimwambia mkewe, "Nililieni mchana. Usiku wa Mimuna mlango usifungwe, watu watadhani nimekufa."

Kwa hiyo mwaka ule Sultana alikuwa na jambo moja tu moyoni, na jambo lenyewe ni mlango. Alijua mambo yanavyokwenda. Ukikaa giza mwaka wa kwanza, watu hupita kimya kwa heshima. Mwaka wa pili hupita kimya kwa mazoea. Na wa tatu hakuna anayekumbuka kwamba hapo palikuwa na nyumba ya Makhluf.

Alasiri ya siku ya mwisho wanawake walikuwa wamekaa uani kwenye viti walivyovishusha, wanavunja lozi, wanavunja na watu. Mesodi ndiye aliyekuwa na zamu ya kusema, na kwa kawaida zamu yake haikuwa na mwisho.

"Leo ndiyo mwisho wa utajiri wa Hajj Atiya," alisema. "Maskini. Juma zima ndiye mwenye makaroni yote ya mtaa, kesho anarudia mbuzi wake."

Wakacheka. Hajj Atiya alikuwa Bedui wa upande wa mashariki, rafiki wa Rabi Danino wa miaka mingi. Kila mwaka kabla ya Pasaka watu huenda kwa rabi, rabi hunyoosha leso yake, mtu hushika ncha, na kwa kushika huko amempa rabi mamlaka ya kuuza kila chenye chachu kilichobaki kabatini. Rabi naye humuuzia Hajj, biashara ya kweli, na Pasaka ikiisha huvinunua tena. Kisichouzwa kikalala Pasaka nzima mikononi mwa Myahudi hakiliwi. Si Pasaka tu, hakiliwi kamwe.

"Mume wangu anasema mwaka huu leso ya rabi ilikuwa na mafua," Mesodi akaendelea. "Aliishika kwa kucha."

Wakacheka tena, na Sultana akacheka nao, kisha akaiweka lozi chini bila kuivunja. Leso. Kila mwaka Makhluf alirudi na kichekesho cha leso. Yeye Sultana alikuwa akisugua kabati, akipanga unga ndani, akifunga kamba na kubandika karatasi. Mwaka huu alisugua, alipanga, alifunga, alibandika. Kazi yake yote aliifanya vizuri kuliko mwaka jana. Kazi ya Makhluf hakuna aliyeifanya.

Akaaga kwamba kichwa kinamuuma.

Jikoni alimkuta bintiye Jaklin, aliyekuja na mumewe kutoka Ashkeloni, anaosha majani ya letasi. Akamwambia kwa kunong'ona, kana kwamba kabati linasikia.

"Mama," Jaklin akasema baada ya kufikiri, "nani atajua?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi ndiyo hivyo, hakuna atakayejua."

"Muulize rabi. Ana huruma yule."

"Ndiyo shida yake, ana huruma. Atanitafutia upenyo na ataupata. Mimi sitaki kulisha watu kwa upenyo. Mtu akivuka kizingiti changu haangalii sufuriani. Anakula macho yamefumba, kwa sababu ni kwa Sultana. Sasa nikimlisha unga huu, mlango wazi wa nini?"

"Omba unga kwa Mesodi."

"Ukiomba unga kwa Mesodi anakupa na tarumbeta juu. Kesho sokoni watakuwa wanajua kwamba Makhluf alikufa na akili zangu mfukoni."

Jaklin akainua kidevu kuelekea ukuta wa upande wa kushoto. Hakusema jina.

"Hata usianze," Sultana akasema.

Nyota zilipotoka na Pasaka ikawa imekwisha, Sultana alikata kamba ya kabati lake, akautoa mfuko wa unga, mzito kama mtoto aliyelala, akaukumbatia kwenda kuutupa pipani. Alifungua mlango kwa kiwiko. Na nani amesimama pale ngazini na kitambaa cha meza mkononi, anakikung'uta, kama si Gizella.

Mahali pengine pote duniani, mwanamke mwenye mfuko wa unga ni mwanamke mwenye mfuko wa unga. Kwetu, jioni ile, saa ile, akiwa anashuka nao kuelekea pipani, ni barua iliyofunguliwa. Gizella alitazama mfuko, akatazama uso.

"Hukuuza," alisema.

"Makhluf ndiye aliyekuwa akienda."

Gizella akakunja kitambaa, pembe kwa pembe. Kukohoa kulikuwa bado hakujamwacha. "Mimi huenda mwenyewe," alisema. "Miaka yote huenda mwenyewe. Ninao unga mwingi, na wa kwangu umeuzwa."

"Nilisema sikanyagi kwako."

"Ulisema."

"Nilisema hata nyumba ikiwaka moto."

"Haiwaki," Gizella akasema. "Leta huo upande mmoja nikusaidie kushusha, kisha uje. Ila uvue viatu, nimepiga deki."

Wakashuka pamoja, mmoja kashika juu na mwingine chini, wakautupa, wakapanda bila neno. Sultana alivua viatu akaviacha kando ya kile kiti, akaingia katika nyumba ambayo kwa miaka yote ya ujirani alikuwa akiijua kwa sauti yake tu: redio, kijiko, kikohozi.

Jiko lilikuwa dogo na safi kama kinywa cha mtoto. Kabati la ukutani lilikuwa limefungwa kwa utepe mpana wa bandeji. Sultana akanyoosha mkono.

"Acha," Gizella akasema, akampiga kofi dogo kwenye vidole. "Si wangu."

"Ni wa nani tena?"

"Bado ni wa Hajj Atiya. Rabi hajanunua."

Wakasogea dirishani. Ng'ambo ya ua dirisha la Rabi Danino lilikuwa na taa, na ndani wazee wawili wameketi na vikombe.

"Wanafanya nini?" Sultana akauliza.

"Chai."

"Mtaa mzima unangoja unga, wao wanakunywa chai?"

"Hawezi kununua kwa mtu bila kumpa chai. Ona, anaongeza sukari."

"Hajj huyu na sukari. Atatumaliza."

Hapakuwa na la kufanya. Wakavuta viti wakaketi mbele ya kabati, kama watu walio kwenye foleni ya daktari. Sultana hakuwa mtu wa kuketi kimya katika nyumba ya mtu. Macho yake yakaanza kutembea. Yalitembea ukuta huu, yakatembea ule. Kwake kuta zilikuwa zimejaa: Makhluf na lori, Jaklin na shela, baba yake na punda. Hapa palikuwa na kalenda.

"Huna picha ya mtu?"

"Hazikubaki."

"Hata ya mama?"

"Hata ya mama. Hakubaki mtu baada ya vita, zibaki picha?" Gizella alisema hivyo kama anavyosema mtu bei ya viazi. Baadaye kidogo akaendelea, macho kwenye bandeji. "Uso wake nautafuta. Siku nyingine naupata, siku nyingine naona kwamba ule ni wangu, wa kwenye kioo. Lakini najua alivyokuwa akikataa. Hilo ninalo lote. Jirani anakuja na bakuli siku za Pasaka, mama anasimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, anasema asante mpenzi, hiki hakiingii. Sauti ninayo, mikono ninayo, hata aproni ninaiona. Sasa nikiyaingiza maharagwe, Bi Wizgan, hata yawe matamu vipi, mama atasimama wapi?"

Sultana akausogeza mkono wake mbali na kabati. Alikumbuka alichokisema ngazini kuhusu kuonja, na masikio yakamwaka.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ngazini kulikuwa na zulia."

Sultana akacheka kabla hajajizuia, na Gizella naye pembe moja ya mdomo ikapanda.

"Kwetu Meknes," Sultana akasema, akirekebisha kilemba, "unga wa Mimuna haukuwa wetu. Nyumba ilikuwa tupu, hata vumbi la unga hakuna. Jua likizama unasikia hodi, ni Lalla Rqiya, jirani yetu, Mwislamu, ana sinia kichwani. Unga, siagi, masuke ya ngano mbichi, maziwa. Mama yangu anampokea analia. Kila mwaka analia, kana kwamba hakumtegemea. Na Lalla Rqiya kila mwaka anamwambia, unalia nini, Zahari, ni unga tu." Akalitazama kabati. "Tulipofika huku kila mtu akajinunulia wake akauweka kabatini. Tukaona tumeendelea."

Kutoka juu kulisikika mtu anajaribu ngoma, pigo moja moja. Jengo zima lilikuwa linangoja ile chai.

"Nawasikia kila mwaka," Gizella akasema. "Nazima redio nisikie vizuri. Nyimbo nimeshazijua."

"Unasikilizia ukutani?"

"Ukuta ni mwembamba."

"Na kwa nini huji?"

Gizella akageuka, na kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa. "Hamjanialika."

"Mimuna hualikwi, mwanamke. Hakuna anayealikwa. Mlango ukiwa wazi, ndio mwaliko."

"Kwetu mlango ukiwa wazi, kuna mtu amesahau kuufunga."

"Miaka yote hii mimi nasema, yule Mhungaria anatudharau, haji kwa sababu tuna kelele."

"Kelele mnazo," Gizella akasema. "Makhluf alinivuta mkono mara moja. Nikasema asante, hapana. Kwetu mtu mwenye adabu hukataa kwanza, ndipo aulizwe tena."

"Na hakukuuliza tena?"

"Alimwona msoma mita."

Sultana aliinama juu ya magoti yake akicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja. Yalikuwa ya Makhluf. Hakuyafuta haraka. Gizella alimsogezea kile kitambaa cha meza, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akatazama pembeni mpaka yakaisha.

Hapo dirisha la ng'ambo likafunguka, na Rabi Danino akatoa kichwa na ndevu zake, akaita ua mzima kwa sauti ya mtu aliyeshiba sukari, "Ni vyenu, jamani. Vyote ni vyenu."

Jengo likanguruma. Vigelegele vilianza ghorofa ya nne vikashuka kama maji. Gizella alikata bandeji kwa mkasi, akautoa mfuko, akauweka mikononi mwa Sultana.

"Niwe kafara yako," Sultana akasema, ndilo neno kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, akatoka mbio, peku.

Kukanda mufleta, chapati nyembamba za usiku ule, si mchezo wa mtu mwenye haraka, lakini Sultana alikanda kama mwenye deni. Unga, maji, chumvi, mafuta mengi ya kupaka mikono; donge linatandazwa kwa viganja mpaka unaona meza kwa ndani. Moja inaingia kikaangoni, inageuzwa, mbichi inalazwa juu yake, zote zinageuzwa pamoja, na mnara unakua, kila moja ikimpasha moto mwenziwe. Jaklin alikuwa amekwisha kupanga meza: maziwa, asali, tende, siagi, samaki hai anazunguka bakulini, na sahani ya unga iliyopambwa kwa maganda ya maharagwe mabichi ili mwaka uwe wa kijani. Kanzu nyeupe ya Makhluf ilitundikwa juu ya mlango, na mlango ulikuwa wazi mpaka ukutani.

Nao wakaja. Walikuja wa Fezi na wa Marrakeshi, akaja Mwiraki na mkewe mwenye macho yaliyochoka, wakaja madereva wenzake Makhluf wakijipunguza sauti mlangoni kisha wakasahau wakazipandisha. "Heri na faida," walisema wakiingia, "Heri na faida," Sultana akajibu bila kuacha kikaango. Mesodi aliketi palipo karibu na asali.

"Unga gani huu, Sultana?" aliuliza, mdomo umejaa. "Mlaini. Si wa duka letu."

"Unga ni unga. Kula."

Nyumba ilijaa hadi watu wakakalia beseni la kufulia lililofunikwa. Makhluf angeiona angekufa tena kwa furaha. Sultana alikuwa na alichokitaka, na bado kila nyayo ikipanda ngazi kichwa chake kiligeuka. Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa. Chini yake palikuwa na mstari wa taa.

Nilimwambia, akawaza. Nilimweleza kwamba hualikwi, uje tu. Sasa anataka nini, tarishi?

"Unamtazama nani hapo mlangoni?" Mesodi akasema. "Makhluf harudi, mpenzi."

Mtu akamkanyaga Mesodi mguu. Sultana akageuza iliyokuwa kikaangoni. Alikuwa anafikiri habari za mama yake. Mama yake angekubali kukatwa mkono kuliko kutamka mwaliko usiku wa Mimuna. Kumwalika mmoja, alikuwa akisema, ni kumwambia kwamba mlango haukutosha. Na ukishamwalika mmoja, wengine wote wamejialika. Hivyo ndivyo Zahari alivyokuwa, na sauti yake Sultana alikuwa nayo yote, pamoja na kidole. Aliisikia wakati huo huo, juu ya ngoma.

Mama, alisema moyoni, nisamehe, yule naye ana mama.

Akampa Jaklin kijiko cha kugeuzia.

"Mama, unakwenda wapi? Huwezi kuacha kikaango."

"Kigeuze usiunguze."

Mwenye nyumba kuacha kikaango usiku wa Mimuna ni kama imamu kuondoka katikati ya swala, angesema Hajj Atiya. Ngoma ikalegea. Watu wakasogea kumpisha, kisha wakasogea mlangoni kuona. Sultana alivuka pale kati, mikono inang'aa mafuta, akagonga mlango wa kushoto kwa goti.

Ukafunguka mara moja, kama aliyekuwa ndani alikuwa ameketi nyuma yake. Gizella alikuwa amevaa gauni la buluu lenye kola, kabana nywele, kapaka kidogo rangi ya mdomo. Kibeti mkononi. Sultana akamtazama kuanzia juu mpaka chini na kuelewa kwamba mwanamke yule amekaa hivyo, tayari, tangu ngoma ya kwanza.

"Bi Gizella Berkovits," alisema, kwa sauti ya kusikika, maana jambo likishavunjwa livunjwe vizuri. "Nimekuja kukualika kwangu."

Nyuma yake Mesodi alivuta pumzi kama pampu ya kisima.

"Una watu wengi," Gizella akasema, akitazama nyuso zilizojazana mlangoni.

"Ninao. Sina wewe."

"Sina cha kuja nacho. Nilitafuta. Nina jemu ya matunda tu, imefunguliwa."

"Umeshaleta." Sultana akageuka nusu, ili walio nyuma nao wapate haki yao. "Sikilizeni, nisije nikarudia. Kabati langu halikuuzwa. Makhluf ndiye aliyekuwa akishika leso, na mimi sikukumbuka. Unga mnaoula tangu mlipoketi ni wa huyu. Kama si yeye, mlango wangu ungekuwa giza."

Ngazi nzima ikageuka kumtazama Mesodi. Mesodi alikuwa na mufleta nusu nje, nusu ndani. Alitafuna, akameza, na watu wakamngoja, kwa kuwa la kwake ndilo litakalokwenda sokoni.

"Ndiyo maana mlaini," alisema mwishowe, akajibana ubavuni mwa mke wa yule Mwiraki. "Nani alimwacha huyu mtu nje miaka yote hii? Sogeeni, kuna nafasi hapa."

Gizella alikuwa bado kwenye kizingiti chake, kibeti kifuani. Sultana alitaka kumshika mkono amvute, kama alivyokuwa akifanya Makhluf, akakumbuka mafuta, akaurudisha nyuma.

"Pasaka imekwisha, Gizella," akasema, taratibu sasa, maneno ya kati yao wawili. "Kila kitu kinaingia. Njoo ndani ule, zingali moto."